Sindano za Siku ya Nne

Tulipomzika Adubango, padri aliuliza nani atasema neno kwa upande wa marafiki, na watu wote wakageuka kunitazama. Nilitikisa kichwa. Wakadhani ni uchungu, wakaniacha, na binti yake mkubwa akanishika mkono kama mtu anavyomshika mgonjwa. Uchungu ulikuwepo, siukatai. Lakini kama ningefungua kinywa pale, mbele ya watoto wake watatu na mama wenzake wa soko, ningelazimika kueleza mwaka wa themanini na saba, na katika mwaka ule kuna jambo moja ambalo watu wamenisifia kwa zaidi ya miaka thelathini, na halikuwa langu. Lilikuwa lake. Mimi si mtu wa kusema mbele za watu, na shule yangu iliishia mwaka wa sita wa primeri. Kwa hiyo nimechukua daftari, naandika polepole.

Mwaka ule tulikaa chumba kimoja huko Shari, pembeni ya Bunia, mimi na yeye. Nilimwita Yaya, yaani dada mkubwa, kwa kuwa alinizidi miaka minane. Yeye aliniita Boga, kwa jina la mahali nilikotoka, na hadi anakufa hakuniita vingine. Chumba kilikuwa na kitanda kimoja, mkeka mmoja, mbabula ya makaa karibu na mlango, na kamba iliyotoka ukuta hadi ukuta, ambayo upande mmoja tulitundika nguo na upande wa pili makayabo. Adubango aliuza samaki wa chumvi sokoni, mimi nilimsaidia, na harufu haikujua nguo zinaanzia wapi. Kanisani kwetu, kwa Waanglikana, daima palikuwa na nafasi ya mtu mmoja kati yangu na jirani yangu wa benchi. Adubango alisema ni nafasi ya malaika. "Malaika hasikie harufu ya makayabo," alisema. "Ao anasikia, lakini iko na adabu." Yeye alikuwa Mkatoliki wa upande wa Mahagi. Asubuhi alimenya mihogo huku akisali rozari, chembe kwa chembe, kisu kikiwa mkono huohuo, na sikuelewa kamwe jinsi ambavyo hakujikata. Mbuzi wa mwenye nyumba alizoea kuingiza kichwa mlangoni. "Salamu Maria, umejaa neema, toka hapa weye mwizi!" Kisha alinyamaza, akairudisha chembe, akaanza sala ile upya. Nilimwambia kwamba Mungu alikwisha kusikia nusu ya kwanza. Alinitazama kwa huruma. "Sala yenye imekatwa na mbuzi haihesabiki, Boga."

Ukuta wa kushoto haukufika kwenye bati, hivyo majirani zetu, mume na mke, tuliwajua kuliko walivyotaka. Siku moja tulikuwa tunakunywa chai, mihogo bado ina moto, tukamsikia mke akisema redio imetaja tena ile sida, yaani ukimwi, kwamba inaua. Mume akajibu, "Redio inasema mambo mingi. Ile ni mambo ya bazungu, banataka siye tuache kupendana."

"Weye unajua kupendana. Juzi ulikuwa Kasenyi juma mbili. Nani alikuwa anakupikia?"

Tukasikia sufuria ikiwekwa chini.

"Nilikuwa ninakula kwa Muzee Pilo."

"Muzee Pilo alikufa mwaka jana."

Adubango aliuma kitenge chake ili asicheke kwa sauti. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, mabega yakitikisika, chai ikimwagika. Kisha akajifuta na kusema kwa sauti nyingine kabisa, "Kule chini kwa ziwa, Boga, nani anabaambia?" Watu wa Bunia walikuwa na hospitali, na redio, na majirani wa kugombana nao. Kule tulikotoa samaki hapakuwa na kitu. Mgonjwa alibebwa, au alilala akingoja.

Hivyo ndivyo ilivyoanza kazi yetu, bila mkutano. Adubango alimwendea infirmieri, yaani muuguzi, mmoja wa hospitali, mtu mpole mwenye saa kubwa ya mkononi, akamwuliza kwa nini hawashuki vijijini. Alisema gari haina mafuta. "Siye tuko na lori ya samaki," Adubango akamwambia. "Inashuka kila siku ya ine, inarudi jioni. Tufundishe siye." Siku ya nne ndiyo ile ambayo wengine huiita Alhamisi. Yule infirmieri alicheka kwanza, kisha akaacha kucheka, na kwa muda wa mwezi mzima tulikaa kwenye benchi lake baada ya soko, wauza samaki wawili, tukijifunza ugonjwa ule unapita wapi na haupiti wapi. Alitupa kapoti, yaani kondomu, ndani ya mkebe wa maziwa ya unga. Alitupa pia bomba nne za sindano za kioo na sindano zake, kwa sababu alisema mume akijilinda na mke akijilinda, bado sindano moja inaweza kuuingiza ugonjwa nyumbani kwa mlango mwingine.

Kijiji tulichoanza nacho kiko mbele kidogo ya Bogoro, kabla barabara haijaanza kushuka kwenda ziwani. Hapakuwa na dispanseri. Palikuwa na mzee mmoja aliyekuwa askari zamani, akijiita Docta, ambaye alikuja siku za soko na kuwachoma watu dawa. Sindano yake aliichomeka kwenye ukosi wa koti kama fundi wa nguo. Akimaliza kumchoma mtu aliifuta kwa pamba, akamchoma anayefuata. Watu walimpenda, na nisingependa msomaji amcheke sana, kwa maana yeye alikuja wakati ambapo hakuja mwingine. Adubango hakumtukana. Alimsalimia kwa mikono miwili, akamwambia, "Docta, daktari mukubwa wa Bunia hachemushe sindano yeye mwenyewe. Iko na bamama ya kumuchemushia." Mzee alijinyoosha ndani ya koti lake. "Na mimi nilikuwa ninasema hivyo siku zote," akajibu, na akaitoa ile ya kwenye ukosi, akampa.

Jiko tulilopewa la kuchemshia lilikuwa la Mama Kiiza. Alikuwa mwanamke mrefu wa watu wa ng'ombe, mwenye watoto sita na sauti ya chini iliyokufanya umsogelee. Jiko lake nalikumbuka kuliko nyumba nyingi nilizolala: mafiga matatu meupe kwa majivu, vibuyu vya maziwa vimefukizwa moshi na kupangwa kwa ukubwa, mlango unaotazama zizi. Kila siku ya nne wanawake kumi, kumi na wawili, walijibana mle. Maji yalichemka, mazungumzo yakachemka. Adubango alipofungua mkebe na kueleza kapoti kazi yake, Mama Kiiza akasema, "Sasa bwana yangu nitamwambia namna gani? Tuko na batoto sita. Leo ninamuletea kofia?"

"Mwambie mvua imekuwa mingi," Adubango akajibu.

Walicheka hadi ng'ombe wakageuka. Lakini mkebe ulirudi Bunia umejaa kama ulivyokuja, siku ile na nyingine nyingi. Sindano waliikubali upesi. Kofia waliicheka. Baada ya kazi tulikula: bugali ya mihogo, sombe ya majani yake, wakati mwingine kuku, na kuku akichinjwa Mama Kiiza aliniwekea mimi mguu, kwa kuwa nilikuwa mwembamba na alisema ninatia aibu jiko lake.

Jambo la kuchemsha lilikuwa na shida moja. Infirmieri alisema dakika ishirini tangu maji yaanze kububujika, bila kupunguza, na saa ilikuwa moja tu, yake. Adubango alimwambia ampime akisali rozari. Akaisali yote pale kwenye benchi, makumi yote matano ya Salamu Maria, kwa mwendo wake wa kila siku, na ikawa dakika ishirini na kidogo. Mimi rozari sikuijua, na kwa ukaidi wa ujana sikutaka kuijua. Nikasema nitaimba. Wimbo wetu mmoja wa kanisani una beti nne na kiitikio. Niliuimba, yeye akiangalia saa, akasema mara sita zinatosha. "Lakini hivyohivyo ulivyoimba," aliongeza. "Kwa mwendo wa mazishi." Nilisikia, na nilifikiri nimeelewa.

Mwezi wa nane mama mdogo wa Adubango alifariki Mahagi, naye Adubango akaenda kilioni, akakaa juma tatu. Mara tatu siku ya nne nilishuka peke yangu. Ya kwanza niliimba kwa aibu, nikiangalia sufuria. Wanawake waliuchukua wimbo kwenye ubeti wa pili, kwa sababu wengi walikuwa wa kanisa langu, wakaanza kupiga makofi. Ya pili mmoja alikuja na ngoma ndogo. Sijui niseme nini juu ya furaha ya jiko lile. Nilikuwa na miaka ishirini, sikuwahi kuongoza chochote, na sasa wanawake wazima walinitazama mimi ili waanze. Niliweka kokoto moja kila wimbo ulipoisha, na zilipofika sita nilitoa sufuria. Sikupunguza hata kokoto moja. Ndiyo sababu nilikuwa na amani. Siku ile ya pili shofere wa lori yetu aliomba sindano, kwa kuwa alikuwa akikohoa na kukonda na hakuna aliyesema sababu. Nilichemsha bomba lile baada yake, tukaimba, tukacheza kidogo, kokoto zikafika sita, na Docta akalitumia kumchoma Mama Kiiza kinini, maana homa ilikuwa imemwangusha na alikuwa akitetemeka juu ya mkeka akijaribu bado kuitikia.

Adubango aliporudi alishuka nami siku ya nne iliyofuata. Walimpokea kwa vifijo, wakamketisha pembeni, wakamwambia apumzike, leo atazame. Maji yalibubujika. Tukaimba. Nilitaka aone. Nilipotoa sufuria nikiwa na jasho nilimwangalia, nikitegemea atabasamu, na nikaona mkono wake mmoja uko chini ya kitenge. Aliinuka, akairudisha sufuria kwenye moto, akasema maji ya leo yanaonekana mazito, tuongeze kidogo. Juu ya lori, tumekaa juu ya magunia, ndipo alipoutoa mkono. Rozari ilikuwa ndani ya kiganja, kidole gumba bado kiko kwenye chembe.

"Wimbo yenu iliisha mara sita," alisema, "mi niko kumi ya tatu. Haikuwa hata katikati yake."

Sikuelewa. Kisha nikaelewa kwamba ngoma ilikuwa imeukimbiza wimbo, na nikashika kamba ya lori.

"Siku ngapi mumeimba na ngoma?"

"Mbili, kabla ya leo. Ya kwanza makofi tu."

"Nani alichomwa?"

Nilimtajia majina. Nilipofika kwa shofere, ambaye alikuwa mbele yetu akiendesha na kukohoa, na baada yake Mama Kiiza, aliinamisha kichwa, akarudi kwenye chembe ya kwanza.

Juma lile lote nilibishana naye. Asubuhi nilibishana, na mchana kwenye meza ya samaki, kwa sauti ya chini. Nilisema ugonjwa wenyewe hauna kipimo hapa, tutawatia woga bure. Nilisema wakijua, watarudi kwenye ukosi wa Docta, na hapo wataangamia zaidi. Hayo yote yalikuwa na ukweli ndani yake, na hayakuwa sababu yangu. Sababu yangu ilikuwa kwamba Mama Kiiza aliniwekea mguu wa kuku, na nisingeweza kuvumilia siku ambayo hataniwekea. Adubango alinisikiliza hadi mwisho kila mara. "Sitasema kwa kinywa yako, Boga," alisema. "Lakini siku ya ine haitapita." Nilimwambia basi sitashuka. Alinifungia vitu vyangu yeye mwenyewe, na siku ya nne alinisukuma mbele yake kwenye lori kama mtu anavyosukuma ndama.

Jikoni nilikaa karibu na mlango. Sufuria haikuwekwa motoni, na wanawake walianza kuulizana kuna nini. Mimi sikuinuka. Ndipo Adubango aliposimama. Namwona hadi leo, kitenge cha kijani kimefungwa juu ya matiti, uso umekauka. "Bamama," alisema, "huyu mutoto iko na neno. Alikuja kwangu yeye mwenyewe, analia. Akaniambia, Yaya, nimekosa kwa sindano, sitaweza kulala mpaka nibaambie bamama. Mi nilimwambia angoje, yeye alikataa. Mumusikilize."

Hakuna hata moja lililokuwa kweli. Katika miaka yote niliyomjua, ule ndio uongo pekee niliomsikia akisema, na aliusema mbele ya watu kumi na wawili, akiwa amevaa rozari shingoni. Kisha akaketi, akaniachia yaliyobaki.

Nilisimama na nikasema. Nilisema wimbo, ngoma, kokoto. Nilimtaja shofere. Nilimtaja Mama Kiiza kwa jina lake, nikimwangalia, kwa maana Adubango alikuwa amesema kwenye lori kwamba nisipomwangalia itakuwa kama sikusema.

Mama Kiiza alipangusa mikono kwenye nguo yake, taratibu, kidole kimoja kimoja. "Ile ugonjwa inachukua muda gani mupaka kuonekana?"

"Infirmieri anasema miaka," Adubango akajibu. "Pengine kumi."

Alifikiri. "Mutoto wangu mudogo iko na miaka mbili," alisema. "Kumi ni muzuri. Atakuwa amejua kupika."

Bibi mmoja aliyekuwa karibu na mafiga alisema kwa hasira kwamba heri warudi kwa Docta na sindano yake. Mama Kiiza hakuinua sauti. "Docta alisema lini kwamba alikosa? Miaka yote ile, alisema lini? Huyu amesema." Kisha akanyoosha mkono, akavuta ule mkebe wa maziwa ya unga, akaufungua, akachukua kapoti, nyingi, akazifunga kwenye pindo la nguo. "Sasa iko na sababu ya kumwambia bwana yangu," alisema, na hakuna aliyecheka. Nilimsikia baadaye, nyuma ya nyumba, akizungumza na mume wake. Maneno sikuyashika. Nilisikia tu kwamba mume alianza kwa kelele, na alimaliza kwa kuuliza, mara mbili, "Na weye unasikia namna gani sasa?" Tangu siku ile mkebe haukurudi Bunia umejaa. Ni wao pia, si sisi, waliosema kila nyumba iwe na bomba lake na sindano yake, ndani ya kopo lake lenye alama, na asiyeweza kununua achangiwe. Watu wa vijiji vya chini walikuja kutazama wakaiga. Infirmieri alipoulizwa na wakubwa wake nani alileta mpango huo, alisema ukweli: wanawake wa kule.

Shofere alikufa mwaka uliofuata, amekonda kiasi kwamba wanaume wawili walibeba jeneza kwa urahisi. Ugonjwa wake haukutajwa. Baada ya hapo kila nilipofika kwa Mama Kiiza niliangalia mikono yake kabla ya kuangalia uso, kuona kama imepungua. Niliangalia miaka kumi na zaidi, hadi vita vilipotutawanya wote, na vilipotulia na kipimo kikawa kimefika, akapimwa Bunia, nami niko nje kwenye ukuta wa hospitali. Hakuwa nao. Miaka michache baadaye muuguzi kijana aliniambia kwamba maji yanayobubujika hufanya kazi upesi kuliko tulivyofundishwa, na pengine hatari haikuwa kubwa. Nilifurahi, kisha nikaona aibu kufurahi. Wengine waliochomwa siku zile siwezi kuwatolea habari. Wapo waliokufa, vijana, na sijui kwa nini.

Tangu mwaka ule, kila ng'ombe walipozaa, Mama Kiiza alituma chupa ya mafuta ya ng'ombe Bunia, imefungwa kitambaa mdomoni, "kwa yule mutoto alisema yeye mwenyewe". Adubango aliyala pamoja nami, juu ya mihogo, akilamba vidole. Mara moja tu nilimwuliza, "Yaya, kwa nini ulisema vile?" Alinisogezea sahani. "Kula, Boga."

Juma mbili baada ya mazishi nilikwenda kwa Mama Kiiza. Amerudi kwenye kiwanja chake cha zamani, nyumba ni mpya, macho yamechoka. Nilimkuta nje, kwenye jua la asubuhi, na binti yake mdogo akimsuka. Nilimpa habari ya kifo. Alilia kidogo, kama wazee wanavyolia, bila sauti. Kisha nikamwambia.

"Si mimi nilikwenda kwa Adubango. Ni yeye alinikamata. Mi nilitaka kunyamaza. Juma muzima nilitaka kunyamaza, na ningenyamaza."

Binti aliacha kusuka.

"Hata mimi na ile homa yangu?" Mama Kiiza aliuliza.

"Hata weye, Mama."

Aliweka mikono juu ya magoti. "Ile mafuta ya miaka yote."

"Ilikuwa yake."

"Na weye ulikula."

"Tulikula pamoja. Lakini ndiyo. Nilikula."

Alimtuma binti ndani. Binti akarudi na chupa ya mwaka huu, kitambaa kimekwisha kufungwa, na mama yake akaipokea, akaiweka mapajani. "Aliacha batoto?"

"Batatu. Bako Bunia."

"Utanipeleka kwao leo na hii mafuta. Na hii maneno utabaambia weye. Mi nitakaa tu."

Nilimshika mkono akainuka. Barabarani, tukingoja gari, nilitaka kumpokea chupa, kwa kuwa ilikuwa nzito na jua lilikuwa limepanda. Aliihamishia mkono wa pili.